Gunia la kununulia, kisado cha kuuzia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tusome Walawi 19:35-36, amri ya kutumia vipimo vya haki.

Msimu wa viazi huko Njombe, angalia gunia linavyofungwa. Likishajaa hadi mdomoni halishonwi. Linasukiwa kamba juu, viazi vinapangwa kimoja kimoja mpaka gunia linaota kichwa, yaani kilemba. Ndiyo lumbesa hiyo. Sheria ya vipimo Tanzania hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, lakini mkulima analipwa bei ya gunia moja, na kilicho juu kinaondoka bure. Mzigo huo ukifika mjini unauzwa kwa kisado, kile kindoo cha kupimia, tena kisado chenyewe kimebonyezwa kitako.

Kumbukumbu la Torati 25:13 inakataza jambo hilohilo: usiwe na mawe ya kupimia mbalimbali mfukoni mwako, kubwa na dogo. Kubwa la kununulia, dogo la kuuzia.

Kinachonigusa zaidi ni jinsi Mungu anavyomalizia amri ya Walawi. Akishataja mizani, efa na hini (vipimo vya nafaka na vya vimiminika), anajitambulisha kuwa ndiye aliyewatoa katika nchi ya Misri. Misri inaingiaje kwenye habari za sokoni? Soma Kutoka 5. Farao aliwanyima Waisraeli majani ya kufanyia matofali, lakini hesabu ya matofali akaiacha ileile. Haikutimia, wasimamizi wao wakapigwa. Watu hawa walikuwa wanajua uchungu wa kupimiwa na mwenye nguvu, na Mungu hakutaka wausahau siku watakaposhika mizani wao.

Mkulima anayeambiwa "bila kilemba sinunui", huku viazi vinaanza kuoza, yuko palepale. Na anayemwambia hivyo huenda Jumapili anaimba kwaya. Wafanyabiashara wa Amosi 8 nao waliitunza sabato, ila waliuliza itakwisha lini wakauze ngano.

Na si mazao tu. Dada wa kazi anayeamka saa kumi na moja alfajiri, akalala saa tano usiku baada ya wageni kuondoka, kwa mshahara uleule, naye anashonewa lumbesa. Hili linaniuma, maana linatendeka ndani ya nyumba tunazofanyia maombi.

Ndugu mnaokwenda mashambani kununua wiki hii, bebeni mizani. Pimeni mkulima akiona, mlipe kila kilo. Na wewe mwenye dada nyumbani, kaa naye leo jioni mpange saa ya kumaliza kazi na siku yake ya kupumzika.