Asubuhi ya bloku, Ilala

Juni 20, 2016 ilikuwa Jumatatu, katikati ya Ramadhani. Mchezo wa saba, wa mwisho, wa fainali ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kati ya Golden State na Cleveland, ulianza saa tisa usiku kwa saa za Dar es Salaam, na safari hii hakuna aliyelazimika kukatisha usingizi, kwa sababu watu walikuwa macho kwa daku. Sebuleni kwa kocha wetu, Ilala, tulikuwa tisa, sinia la wali na samaki limewekwa chini, macho yote kwenye runinga.

Golden State walikuwa wameshinda mechi 73 na kupoteza 9 tu msimu ule. Cleveland walikuwa nyuma kwa michezo 3–1 katika fainali hiyo, wakarudi hadi 3–3. Curry wa Golden State alikuwepo, yule aliyechaguliwa wa 7 timu za NBA zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2009, mwaka ambao Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar, alichaguliwa wa 2. Adhana ya alfajiri ilitoka mchezo ukiwa bado unaendelea, wenzetu wakaswali kwa zamu barazani.

Zilipobaki dakika 4 na sekunde 39 matokeo yalikuwa 89–89, na kuanzia hapo kikapu kikagoma pande zote mbili. Dakika 1 na sekunde 50 kabla ya mwisho, Iguodala wa Golden State akapokea pasi ya Curry akienda kufunga, mbele yake yupo J.R. Smith wa Cleveland peke yake. LeBron James wa Cleveland akatokea nyuma na kuugandamiza mpira ubaoni: bloku, yaani kuuzuia mpira uliokwisha kurushwa kikapuni. Baadaye mwenzake Kyrie Irving akatupa ya pointi tatu usoni kwa Curry, zikiwa zimebaki sekunde 53. Ikaisha 93–89, Cleveland mabingwa. LeBron alikuwa na pointi 27, ribaundi 11, asisti 11.

Mdogo wetu mmoja alisimama hapo hapo. “Kocha, shikamoo, ila mjadala umeisha. Bron ndiye bora kuwahi kutokea.”

“Marahaba. Kaa chini, mwanangu,” kocha akajibu. “Michael Jordan kaingia fainali sita, kabeba mataji sita, na mara zote sita yeye ndiye mchezaji bora wa fainali. Huyu wako kaingia fainali saba, kashinda tatu.”

Kwa miaka mingi hoja hiyo ndiyo iliyokuwa ikitunyamazisha. Safari hii nahodha wa timu yetu ya wanawake hakunyamaza. “Kocha, 1985, 1986 na 1987 Jordan alitolewa raundi ya kwanza. Mbona hizo hatuzihesabu? Kwa hiyo ni heri utolewe mapema kuliko ufike fainali ufungwe?”

Kisha akamleta Bill Russell, mchezaji wa zamani wa Boston. Kama kipimo ni mataji, Russell ana 11 katika misimu 13, 1957 hadi 1969, na kikao kinafungwa. Kocha akasema Russell hana tuzo hata moja ya mchezaji bora wa fainali. Nahodha akamkumbusha kwamba tuzo hiyo ilianza 1969, msimu wa mwisho wa Russell, na mwaka huo akapewa Jerry West wa timu iliyofungwa. Hata bloku hazikuandikwa rasmi hadi msimu wa 1973–74, kwa hiyo kazi kubwa ya Russell haimo vitabuni. Huwezi kumdai mtu kombe ambalo lilikuwa bado halijachongwa.

Mimi nilikuwa upande wa Jordan na bado nipo, lakini ile hoja ya sita kwa sita niliiacha palepale. Ninachokishika ni msimu wa 1987–88: aliongoza ligi kwa kufunga, akawa mchezaji bora wa ligi, na pia mlinzi bora wa ligi. Zote tatu kwa msimu mmoja.

Kuhusu sheria, kila upande ulikuwa unakumbuka nusu tu. Ni kweli zamani beki aliruhusiwa kumwekea mshambuliaji mkono kiunoni ili kumzuia, jambo lililobanwa sana kuanzia msimu wa 2004–05. Lakini ni kweli pia kwamba hadi 2001 ulinzi wa kanda, yaani beki kulinda eneo badala ya mtu, ulikatazwa, hivyo Jordan alipata nafasi ya kukabiliana na beki mmoja peke yake mara nyingi kuliko LeBron.

Kulipokucha tukaenda kiwanja cha saruji cha jirani, ringi haina wavu. Kocha alitaka tuijaribu ile bloku. Mmoja anatoka mstari wa kati na mpira, mwingine anamfukuza kutoka hatua mbili nyuma. Mara ya kwanza mpira uligusa ubao kabla ya mkono kufika: hicho ni kikapu, kinahesabiwa. Mara ya pili mfukuzaji alikimbia nyuma ya mwenzake moja kwa moja, akamgonga mgongoni: faulo. Lazima utoke kidogo pembeni, ili mruko wako upite kati ya mpira na ubao. Hata hivyo tulichelewa kila mara, mpaka kocha alipomsimamisha mtu wa tatu chini ya ringi awe J.R. Smith. Mkono wake ulipoinuka, mwenye mpira aliushusha, kisha akaupandisha upya. Katika upenyo huo mfupi, mdogo wetu yule, aliyekuwa akifukuza, akafika. Mpira ukalia ubaoni, ringi ikatikisika.

Kocha aliutazama ubao. “Hii sikuwahi kumwona Jordan akiifanya,” alisema.

Halafu akaokota mpira, akamwita nahodha asimame chini ya kikapu badala ya Karl Malone wa Utah: fainali dhidi ya Chicago ya Jordan, Salt Lake City, Juni 14, 1998, Utah wakiongoza 86–85. Mimi akanipa nafasi ya Hornacek, mwenzake Malone, niliyepaswa kukabwa na Jordan, na Jordan akawa yeye mwenyewe kocha. “Wewe pita, nenda zako,” akaniambia. “Sikufuati.” Nikapita. Yeye akazunguka kwa nyuma, upande ambao nahodha hakuuona, akaupiga mpira kwa chini ukamtoka mikononi. Kisha akaanza kuudunda taratibu kuelekea ringi ya upande wa pili.