Nasubiri mtu

Wiki hii mdogo wangu kaletewa barua ya posa, mwenye nyumba kapandisha kodi, na kazini nimetolewa stoo nikapelekwa kaunta. Hayo nitayaandika siku nyingine, hasa la posa, maana shangazi zangu mnawajua. Leo nina maneno mawili tu niliyoambiwa Jumanne jioni, ambayo hadi sasa nikiosha vyombo nayasikia.

Natoka Ubungo, narudi zangu Segerea. Tangu yale madaraja ya Kijazi yafunguliwe mwaka 2021 naona foleni haikufa, ilihama tu, inakungoja mbele ukishaanza kujisifu kwamba leo umewahi. Malori yanayoshuka bandarini yamejaa Mandela yote, mimi na Bi Kizee, pikipiki yangu, tunajipenyeza ukingoni kushoto. Tumeshapita External, naona tawi la mwarobaini limelazwa barabarani. Mbichi, majani bado yanang'aa. Hatua kama kumi mbele, pikipiki imesimama.

Boxer nyeusi. Kitambaa chekundu kimefungwa kwenye usukani, na kwenye mpira wa madigadi ya nyuma pameandikwa kwa rangi nyeupe: MWAMBIE MAMA NIKO NJIANI. Mwenyewe anapiga kiki. Anapiga, haishiki. Anapiga tena. Shati limemganda mgongoni. Nikaegesha mbele yake, nikapandisha kioo cha helmeti.

"Habari kaka, imekuwaje?"

"Salama. Pita tu dada, nasubiri mtu."

Alisema bila kuinua kichwa. Kisha akakiinua, akaniangalia mimi, akaliangalia dera langu nililolikusanya juu ya suruali, halafu akatazama nyuma yangu, kule barabarani, kama vile huyo mtu alikuwa anakuja mgongoni kwangu.

"Haya," nikasema.

Basi. Hakuna kingine. Nikatia gia nikaondoka.

Sasa mimi ni nani pale? Nimesimama na miguu yangu miwili, nimemsalimia, nina spana ya plagi chini ya siti, nina waya wa klachi wa akiba na kipande cha msasa. Na yeye anasubiri mtu. Angesema "nasubiri fundi" ningelala vizuri tu. Angesema "nasubiri mwenzangu", ningemwambia pole nikaenda. Lakini mtu! Jumanne usiku nimejigeuza kitandani nikimjibu. Mara namwambia, "Kaka, mtu si ndiyo mimi?" Mara nashuka, nachukua spana bila kusema neno, pikipiki inawaka kwa kiki moja, nampungia mkono. Kwenye jibu la tatu nilikuwa mkali kidogo, silirudii hapa kwa sababu Mama anasomewa hizi na mdogo wangu.

Mnajua nilikotokea. Baba alikuwa bwana shamba Kilosa, ana Yamaha ile ya kuchanganya oili na petroli, unaisikia inakuja tangu iko ng'ambo ya mto. Akimkuta mwenye pikipiki kasimama njiani hakupita. Hata kama tunachelewa kliniki, hata kama nimebanwa mkojo nimekaa mbele yake juu ya tanki. Wakati mwingine hakutengeneza chochote, walichuchumaa tu pamoja wakaitazama injini, wakavuta sigara, tukaendelea. Mimi hilo nimelibeba. Yule kijana wa Kinyerezi nilimtolea mafuta mwenyewe: unachomoa mpira kwenye kabureta, unauelekeza kwenye chupa ya maji, unafungua koki, petroli inashuka taratibu kama mkojo wa mtoto mgonjwa. Nusu chupa ilimfikisha sheli. Na wale mlionisoma kipindi kile Jangwani ilipofurika mnamkumbuka bodaboda aliyenisukuma na mguu wake, kaukita kwenye pedeli ya abiria ya Bi Kizee, yeye juu ya pikipiki yake na mimi juu ya yangu iliyozima, hadi mahali pakavu. Jina lake silijui hadi leo. Alichosema ni "shika usukani sista, usiniangalie mimi."

Kwa hiyo nilijiona nina haki ya kununa. Nikanuna Jumatano nzima. Nikamnunia hadi mteja aliyeuliza bei mara mbili.

Jumatano usiku kaka mkubwa kapita kuchukua ndoo yake. Nikamsimulia, na nikamsimulia vizuri, na sauti ya yule jamaa nikaiweka. Nilitegemea acheke. Yeye akauliza:

"Koki ilikuwa wapi?"

"ON," nikasema.

Imetoka yenyewe, kabla sijafikiri. Kaka kaniangalia.

"Kwa hiyo uliiona."

Niliiona. Ndiyo kitu cha kwanza nilichokiona, hata kabla ya maandishi ya kwenye madigadi, maana Baba ndivyo alivyonifundisha, uanze na koki. Niwaelezee msioendesha: ndani ya tanki la pikipiki hizi kuna mirija miwili, mmoja umesimama mrefu, mwingine mfupi. Koki ikiwa ON unanyonya ule mrefu. Mafuta yakishuka chini ya mdomo wake, pikipiki inazima, na wewe unaapa kwamba asubuhi uliweka ya elfu tano. Lakini chini yameshabaki, yanangoja mrija mfupi. Unageuza koki rizevu, unasubiri kidogo kabureta ijae, unapiga kiki, unaondoka. Hakuna spana wala fundi hapo, na huhitaji mtu. Na jamaa alikuwa anapiga kiki pakavu, hata harufu ya petroli sikuisikia.

Inawezekana nimekosea. Inawezekana alishaijaribu rizevu akairudisha, inawezekana ni plagi, au tanki limekauka kabisa. Lakini lilikuwa jambo la kusema nikiwa nimeshakaa kwenye siti: "Kaka, jaribu kugeuza koki." Maneno mengine niliyoyatunga kitandani yalikuwa marefu kuliko hayo. Na sikunyamaza kwa kusahau. Nilipotia gia ya kwanza nilisikia raha. Nilisikia kiki moja nyuma yangu, haikushika, nikasema moyoni, endelea kumsubiri huyo mtu wako.

Hilo sikumwambia Kaka. Alikuwa ameshapata jibu lake, akachukua ndoo akaenda.

Mama aliyesikia yote akiwa chumbani alisema mwanaume akiaibika hataki shahidi, na kwamba hata yeye akianguka uani anaangalia kwanza kama kuna anayemwona. Mdogo wangu akasema jamaa kaogopa tu, maana jioni ile ukisimamiwa na pikipiki Mandela hujui kama ni msaada au ni simu yako inatakiwa. Na ni kweli. Mimi mwenyewe nikikwama usiku nawaambia watu napokea simu, kumbe simu imezima. Labda alipotazama nyuma yangu alikuwa anatafuta wenzangu. Sikuwahi kulifikiria hilo kwa siku nzima, kwa sababu nilikuwa nimeshughulika na dera langu.

Jana nikapita palepale. Tawi lipo bado, limekanyagwa na malori hadi limekuwa doa la kijani kwenye lami. Pikipiki haipo, na nisingetegemea iwepo, lakini nilipunguza mwendo. Leo nimekuwa nasoma madigadi za watu njia nzima. Pale Tabata Bima nikaona Boxer nyeusi ina kitambaa chekundu, nikaifuata kama mwendawazimu katikati ya bajaji, na nilishaandaa cha kusema: hata salamu nisingetoa, ningeuliza tu ilikuwa nini. Kwenye taa nikaisoma. MUNGU NDIYE BOSI. Dereva mwenyewe ni mzee ana mvi, kanitazama, kanisogezea pikipiki pembeni nipite.

Nikapita.

Halafu nimerudi nyumbani nikatafuta panado kwenye kopo la dawa, nikakuta vidonge vya presha vya Mama. Tarehe mosi nilimnunulia karatasi tatu, kumi kumi, kimoja kila asubuhi. Leo tarehe 20. Ilipaswa ibaki karatasi moja. Nimehesabu mara mbili mezani, taa ikiwaka: vimebaki kumi na tisa. Kila asubuhi namwuliza umekunywa, anasema nimekunywa, na namwona kashika glasi ya maji. Sasa hivi amelala, namsikia anavyohema. Kopo nimelirudisha kama nilivyolikuta.