Mcheza sinema na ugavana
Nimekumbuka Septemba 2003, mgeni California, nahudumia wazee zamu ya usiku huko Oakland. Kila tukikaa kula, wenzangu wawili wanashikana maneno kuhusu Arnold Schwarzenegger, mcheza sinema wa chama cha Republican aliyegombea ugavana kwenye kura ya kumng'oa gavana Gray Davis wa Democratic. Mama, mfuasi wa Democratic, anagonga meza kwa kijiko: "Gray Davis yuko serikalini miaka na miaka. Huyu anajua nini zaidi ya kutunisha misuli?" Kaka, mfuasi wa Republican, mdomo umejaa wali, anamjibu kwamba Reagan, aliyekuwa gavana wa California kisha rais, naye alitoka kwenye sinema. Na kodi ya magari, kapandisha nani?

Wagombea walikuwa 135, jamani! Karatasi ya kura utadhani matokeo ya darasa la saba.

Mimi nilishikwa na lafudhi yake. Mtu kazaliwa Austria, Kiingereza kizito kuliko changu, na anaitaka California nzima!

Siku moja nikamchokoza mama: je, kama Arnold angekuwa wa chama chako? Akacheka. "Kula wewe, chakula kinapoa."

Tarehe 7 Oktoba Davis akang'olewa, Arnold akashinda. Kesho yake kaka kaja na keki. Mama kala vipande viwili, kimya.