Nikitembea Leo, Kesho Siamki

Corona iliingia nyumbani kwetu Manyatta mnamo Juni 2021, wakati kirusi cha Delta kilipoishika Kisumu na kaunti 13 za ukanda huu zikawekewa kafyu ya saa moja jioni. Mimi nilipimwa nikapatikana nayo. Binti yangu, mwenye miaka 12, hakupimwa. Homa ilimkaa siku tatu ikaondoka, na kila mtu akanihakikishia kwamba ugonjwa huo hausumbui watoto.

Nilikuwa nauza omena, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Kibuye, na harufu yake ilishika nyumbani hadi kwenye mapazia. Jioni moja akaniuliza, "Mama, mbona siku hizi huleti omena?" Gunia lilikuwa nyuma ya kiti alichokalia.

Shule zilipofunguliwa tarehe 26 Julai, alirudi darasani. Wiki ya kwanza alijikaza. Baadaye kichwa kikaanza kumuuma, moyo ukawa unamwenda mbio akisimama paredi, aya moja akawa anaisoma mara nne isiingie. Asubuhi nyingine haamki kabisa. Nami, mama mzazi, siku moja nilimmwagia maji kitandani nikidhani ni uvivu. Hakulia. Alijifuta uso kwa shuka lililolowa, akaniangalia. Jicho lile ninalo mpaka leo.

Septemba nikaitwa shuleni. Alikuwa amechelewa, mwalimu wa zamu akawakimbiza wachelewaji kuzunguka uwanja, naye akaanguka mzunguko wa tatu. Ofisini mwalimu wa darasa alisema mtoto anajifanya, na kama ni mgonjwa, barua ya daktari iko wapi?

Barua sikuwa nayo. Nilikuwa nimempeleka zahanati mbili; walimpima malaria, wakampima damu, hawakuona kitu. Shirika la Afya Duniani lilikuwa bado halijatoa maelezo rasmi ya hali hii inayobaki baada ya corona. Yalitoka Oktoba mwaka huo, nayo yalikuwa ya watu wazima. Ya watoto yalisubiri hadi Februari 2023. Basi barua hiyo ingeandikwa ugonjwa gani?

Nilikuwa na karatasi niliyoandikiwa na jirani yangu, mhudumu wa afya ya jamii: Katiba, kifungu cha 53. Nikasoma, sauti ikitetemeka, kwamba kila mtoto ana haki ya huduma ya afya na ya elimu ya msingi, bila malipo na kwa lazima.

"Ndiyo maana tunamtaka darasani, mama," mwalimu akanijibu.

Nikakosa la kusema. Hapo ndipo naibu wa mwalimu mkuu, mama mtu mzima aliyekuwa kimya muda wote, akamgeukia binti yangu. "Hebu tumsikie mwenyewe. Mwanangu, wewe unajisikiaje?"

"Jioni niko sawa kidogo, mwalimu. Shida ni kesho yake. Nikitembea leo, kesho siamki."

Kisha maneno yakamtoka mfululizo. Kwamba hujificha chooni ili aketi. Kwamba ameacha kuruka kamba ili abaki na nguvu za hesabu. Miezi mitatu tulilala chumba kimoja, na swali lile mimi sikuwahi kumuuliza. Baadaye sana nilijua kwamba hata kusikilizwa ni haki yake, imo katika kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto. Kenya iliuridhia mwaka 1990, mimi mwenyewe nikiwa bado sijaanza shule.

Tulikubaliana aingie saa tatu, asisimame paredi, Jumatano abaki nyumbani na mwenzake amletee daftari. Mwalimu wa darasa aliandika bila kuinua kichwa.

Tulipotoka getini nilitaka kuita boda, akasema tutembee polepole. Tulipumzika chini ya mti, tena kwenye ngazi za duka, tena kando ya mtaro.

"Twende?" nikamuuliza.

"Bado, mama."

Nikaketi tena.