Chupa, mchanga na mpira wa soksi: siku yangu moja Tanga

Saa 11:00 alfajiri

Adhana inanikuta macho. Mimi ni mnasihi wa vijana hapa Tanga mjini. Nazunguka sekondari za kata na vijiwe vya vijana, nawafundisha kuukabili msongo wa mawazo, na kazi hiyo naifanya kwa michezo. Vifaa vyangu vinaenea kwenye kiroba kimoja: chupa nne tupu za maji, mipira mitatu ya soksi, filimbi, na kamba ya mkonge.

Saa 1:00 asubuhi

Nakanyaga baiskeli kutoka Makorora hadi Ngamiani, kwenye barabara zetu za namba. Nasimama kwa bibi anayeuza mbaazi za nazi na maandazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Leo unawachezesha wapi?"

Namtajia shule. Anaacha kuchota mbaazi, ananitazama. "Mjukuu wangu yuko hapohapo, kidato cha nne. Usiku halali. Nikiamka namkuta kakaa kitandani, taa anawasha, daftari hasomi."

Ni Oktoba, na mtihani wa taifa ni Novemba. Maneno yake nimeondoka nayo.

Saa 2:30 asubuhi

Kikao na walimu. Mwalimu mmoja ananiuliza bila kuzunguka: mwezi umebaki mmoja, saa nzima ya kuruka-ruka ya nini? Ana haki ya kuuliza, maana matokeo yakiwa mabaya ataulizwa yeye. Namjibu kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili kwelikweli. Hawa wetu wanakaa darasani tangu asubuhi, masomo ya ziada yanawafikisha jioni. Halafu namwambia lile ninaloliamini zaidi: mtoto anayetetemeka hasomi, anatazama tu maandishi. Ananipa kuanzia saa 9:30.

Mchana nimeandika ripoti, nimekula wali na dagaa, nimesuka upya mpira mmoja uliofumuka.

Saa 9:30 alasiri

Uwanja ni mchanga mtupu, na kivuli ni cha mwembe mmoja. Wamekuja 32. Kabla ya lolote nawaweka vidole viwili shingoni, pembeni ya koromeo, wahesabu mapigo kwa sekunde 15 kisha wazidishe mara nne. Kila mmoja anaikumbuka namba yake.

Tunaanza na mchezo wa utotoni. "Nyama nyama nyama!" "Nyama!" wanaruka. "Ya ng'ombe!" "Nyama!" "Ya mbuzi!" "Nyama!" "Ya paka!" Nusu yao wamesharuka. Wanacheka, lakini wanaelewa upesi kuliko ningewahutubia: mwili umetangulia, akili imefuata nyuma. Ndivyo mtu anavyofanya akiona neno moja analolijua kwenye swali, anajibu swali ambalo hakuulizwa.

Zamani niliwatoa waliokosea. Nikaja kuona kwamba wanaotoka mwanzo ni walewale kila wiki, na ndio hasa wenye shida iliyonipeleka pale. Niliwakalisha pembeni na aibu yao huku wenzao wakicheza. Najuta. Siku hizi anayekosea anauzunguka mwembe mara moja, anarudi mchezoni.

Kisha rede. Kwa asiyeijua: warushaji wawili wanasimama huku na huku, katikati kuna mchezaji na chupa tupu. Anatakiwa kuijaza mchanga huku akikwepa mpira. Wavulana wananuna kwamba huo mchezo wa kike. Nawaingiza watatu. Hakuna aliyefikisha hata robo ya chupa.

Anaingia msichana mmoja mfupi, mtandio kaufunga nyuma ya shingo. Anainama, anachota kwa viganja viwili na kumimina kwa mpigo. Mdomo wa chupa hauzidi upana wa kidole gumba. Mchanga wote unamwagikia vidoleni, mikono inatetemeka, mpira unampata mgongoni. Anarudia, yanakuwa yaleyale.

Napiga filimbi, namsogelea. "Mwanangu, mpira ukiwa mkononi mwa mrushaji, utazame mpira, chupa iache. Ukishakupita, muda huo ni wako. Toa pumzi yote kwanza, ndipo uchote."

Anarudi katikati. Mpira unakuja, anaukwepa. Anashusha pumzi, na kutoka pale nilipo naona mabega yanateremka. Anachota kidogo kwa mkono mmoja, anakunja kiganja, mchanga unashuka ndani ya chupa kama uzi. Anasimama, anakwepa, anashusha pumzi, anachota. Uwanja umenyamaza. Mchanga ulikuwa umefika begani mwa chupa mpira ulipomgusa mguu. Hakuijaza, na bado walimbeba.

Hapohapo, kabla jasho halijakauka, narudisha vidole shingoni, maana somo lenyewe liko hapa. Mvulana mmoja amehesabu 38, yaani mapigo 152 kwa dakika. Nawaeleza kwamba kuna tezi mbili juu ya figo, mtu akitishika zinamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka. Mwili unajiandaa kukimbia au kupigana, hauna ugonjwa. Tunavuta pumzi kwa tumbo tukihesabu hadi nne, tunaitoa polepole hadi sita, kwa sababu pumzi ndefu ya kutoka huusaidia moyo kupunguza mwendo. Baada ya dakika mbili yule mvulana anahesabu tena: 27, yaani 108. Anaitazama namba yake kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea.

Nauliza: "Wapi kwingine moyo wako unakwenda hivi?"

Kimya kidogo. "Karatasi ya hisabati ikigeuzwa." "Nikiulizwa mchango mbele ya darasa." Na sauti moja ya nyuma, ya chini: "Baba akiingia usiku."

Saa 10:45 jioni

Wenzake wameondoka, yule mwenye sauti ya chini kabaki anakusanya chupa ambazo hazihitaji kukusanywa. Nakusanya naye. Aliyoniambia hayaandikiki hapa. Mchezo hauponyi jambo kama hilo, na anayewaambia vijana kwamba unaponya anawadanganya. Mchezo ulifungua mlango, basi. Kwa ridhaa yake tumekwenda pamoja kwa mwalimu wa malezi, na nimemwandikia 116, namba ya bure ya kumsaidia mtoto, nyuma ya daftari mahali asipoonekana kirahisi.

Saa 11:45 jioni

Kijiwe cha bodaboda. Hawa siwaambii habari za mapigo ya moyo mwanzoni, nawapa kamba. Kumi upande huu, kumi upande ule. Upande wenye vifua vipana umeshindwa mara mbili kwa sababu kila mtu alivuta wakati wake, wenzao walikuwa na kiitikio. Tukapumzika, tukapumua, mmoja akaanza kusimulia marejesho ya kila siku kwa mwenye pikipiki. Kumbe wote wanalo hilo, na kila mmoja alikuwa akilala nalo peke yake.

Saa 2:00 usiku

Nimempitia bibi wa mbaazi, nimemfundisha ile nne na sita amfundishe mjukuu wake. Ameijaribu palepale, mkono tumboni, mara tatu.

Kesho ni zamu ya kidato cha pili, na ni wengi. Nahitaji mipira miwili zaidi. Soksi ninazo tatu, sindano ninayo, uzi nimeazima kwa jirani.