Mvua ya Machakos, Matope ya Malindi

Saa tatu asubuhi nilipiga magoti kwenye umande nyuma ya nyumba ya dada yangu, Machakos, nikasoma kipimamvua: milimita 38. Ilikuwa imenyesha usiku kucha. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba, kwa hiyo ekari moja tu ilikuwa imemwagiwa zaidi ya lita laki moja na nusu. Mtaroni maji yalikwenda mbio, mekundu, yamebeba udongo wa mahindi yaliyopandwa juzi.

Nilikuwa naelekea Malindi, na udongo ule ulikuwa unaelekea huko huko. Athi hukusanya maji ya nyanda za juu za Nairobi na Ukambani, ikishapita Tsavo huitwa Galana, na pwani ni Sabaki. Mto ni ule ule.

Mombasa nilikaa siku nne kwa shughuli za familia. Malindi nikakuta jua kali. Kipimamvua nilichokuwa nimemwachia rafiki yangu kilikuwa kikavu kabisa, lakini kwenye daraja la Sabaki mto ulijaa kingo kwa kingo, rangi ya kahawia, magogo na povu vikielea. Anayepima mvua ya Malindi peke yake angeandika sifuri na kudhani matumbawe ya baharini yapo salama.

"Leo hutaona kitu, mwanangu," mzee nahodha aliniambia. "Maji ya bara yameshuka, na kaskazi imeanza." Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, tope husukumwa upande wa kaskazini, mbali na matumbawe. Kaskazi, upepo utokao kaskazini, ikivuma, linateremka moja kwa moja hadi Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968.

Nilipiga mbizi hata hivyo. Mkono wangu mwenyewe niliuona kwa shida. Nikalisogelea tumbawe moja bila kuligusa: vumbi laini limetanda juu yake kama unga kwenye kinu, nalo linatoa ute, likijisafisha, nyuzi za ute na tope zikidondoka polepole. Kazi hiyo inalimaliza nguvu, na wakati huohuo vijimea vidogo sana vinavyoishi mwilini mwake na kulilisha vimenyimwa mwanga. Nilikaa pale mpaka pumzi ikaniisha, nikapanda, nikashuka tena.

Matumbawe hukua kwa tabaka za kila mwaka, kama mti. Wanasayansi walitoboa tumbawe la hapa Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi, wakapima bariamu, aina ya metali, inayoletwa na udongo wa mtoni. Ilipanda mwanzoni mwa karne ya 20, zama za wakoloni, ardhi ya bara ilipoanza kulimwa kwa nguvu.

Asubuhi yake nilimpigia dada anisomee kipimamvua.

"Ishirini na sita," akasema.

Nikaandika daftarini. Pembeni nikaweka tarehe ya siku tano mbele, na alama ya kuuliza.