Siku moja kwenye chumba cha eksirei, Kigoma

Saa 1:30 asubuhi. Benchi la nje limeshajaa: mvuvi wa Kibirizi aliyeteguka bega, watoto, wazee wa kuangaliwa kifua kikuu. Nawasha mashine, naanza.

Saa 3:00. Vifua, vifua, vifua.

Saa 4:20. Anaingia mama muuza dagaa wa Katonga na mwanawe. Kope la kushoto la mama limelegea. Asubuhi yuko sawa, anasema, lakini jioni anaona vitu viwili viwili na kutafuna ugali kunamchosha. Daktari ameandika: miastenia? Huo ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia pale neva inapokutana na misuli, na baadhi ya wagonjwa wake huwa na uvimbe kwenye thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, mbele ya moyo. Utotoni tezi hiyo hukomaza chembe T za kinga. Baada ya balehe husinyaa.

Napiga picha ya mbele, kisha ya ubavuni. Nasisitiza ya ubavuni kila mara, maana ya mbele peke yake inaweza kuficha uvimbe wa hapo. Kuna kivuli mbele ya moyo. Kutoa majibu si kazi yangu. Picha naipeleka kwa daktari mwenyewe, mkononi.

Saa 6:00. Ameandikiwa rufaa ya CT, picha inayoonyesha kifua vipande vipande, hospitali ya Bugando, Mwanza.

Saa 7:15 mchana. Niko kwenye wali na mgebuka, kijana wake ananifuata. "Shikamoo, daktari. Nimesoma kuna mionzi ya protoni. Tuuze mtumbwi?"

Namvutia kiti. Mionzi ya kawaida inaingia kifuani na kutokea mgongoni, ikigusa moyo na mapafu njiani. Protoni, chembe ndogo ya ndani ya atomu, inaachia nguvu yake kubwa mwishoni mwa safari, kisha inasimama. Wataalamu hupanga nishati yake ili iishie kwenye uvimbe. Mwanafizikia Robert Wilson aliandika wazo hilo mwaka 1946, na hospitali ya Loma Linda ikafungua kituo cha kwanza cha hospitali nchini Marekani mwaka 1990. Faida yake kwa moyo ni ya kweli, hasa kwa mgonjwa kijana mwenye miaka mingi mbele. Ila kifua kinapumua, na mapafu yana hewa: kusogea kidogo tu kunabadilisha pale protoni inaposimama, kwa hiyo kupanga tiba ni kazi nzito. Mashine hiyo Tanzania hatuna. Chennai, India, ipo.

"Mtumbwi usiuze, mdogo wangu. Kwanza CT, kisha daktari wa upasuaji." Uvimbe ukitolewa wote ukiwa bado ndani ya ganda lake, mara nyingi mionzi haihitajiki kabisa. Ikihitajika, Bugando na Ocean Road ya Dar es Salaam wanatibu kwa mionzi ya kawaida, na inasaidia. Kinachoniumiza ni familia kukaa ikichangisha fedha za ng'ambo huku uvimbe unakua.

Saa 9:40. Wamerudi kuchukua picha. Namwambia mama kitu ambacho ningependa kila mwenye miastenia akijue: popote utakapotibiwa, hata dukani kwa dawa, taja ugonjwa huu kwanza. Jentamaisini na siprofloksasini, dawa za kuua bakteria, zinaweza kudhoofisha misuli ya kupumulia, na daktari wa usingizi lazima ajue kabla ya upasuaji.

"Niandikie, baba, kwa herufi kubwa."

Nimeandika majina ya dawa zote mbili juu ya bahasha ya picha. Wagonjwa watatu bado wako benchi.